Lain na Haki ya Kusahauliwa

Katika mwezi wa Julai mwaka 1998, saa ambazo watoto wa Japani wamekwisha kulala, televisheni ya TV Tokyo ilianza kuonyesha hadithi ya katuni iitwayo Serial Experiments Lain, yenye sehemu 13, iliyotungwa na Chiaki J. Konaka na kuongozwa na Ryūtarō Nakamura, na ambayo sura za watu wake zilibuniwa na mchoraji Yoshitoshi ABe. Hadithi ilikwisha mwishoni mwa Septemba ya mwaka uo huo. Tangu siku hizo wapenzi wake huisifu kwa jambo moja, kwamba ilibashiri maisha ya intaneti kabla hayajawafikia watu wengi. Na sifa hiyo ni ya haki, walakini ni haba kuliko stahili yake, maana kubashiri mashine si kazi kubwa kwa mtunzi mwenye macho, ilhali kuuliza swali ambalo mahakama zitakuja kulihangaikia baada ya miaka mingi ni kazi ya fikra pevu. Swali lenyewe ni hili: mtu akiisha kuwa na sura ya pili katika vinywa na kumbukumbu za halaiki asiyoijua, sura ambayo hakuiumba wala hakuiridhia, je, ana haki gani juu yake, na ni nani mwenye mamlaka ya kuifuta?

Lain Iwakura ni msichana wa miaka 14, mpole, mnyamavu, akaaye na wazazi na dada yake katika nyumba isiyojua mazungumzo. Mwanafunzi mwenziwe, Chisa Yomoda, amejitupa kutoka juu ya jengo akafa, na baada ya mauti yake wasichana wa shule wanaanza kupokea barua katika kompyuta zao, zenye jina la marehemu, zikisema kwamba hakufa bali ameuacha mwili tu. Lain anaisoma yake. Baba yake, ambaye mahaba yake kwa kompyuta hushinda hamu yake ya kukaa na aila yake, anamletea mashine mpya, ambayo katika hadithi huitwa Navi, na kwa mashine hiyo binti anaingia katika mtandao uitwao Wired, ambao watunzi hawakuufanya chombo bali nchi, yenye wenyeji, fitina na wanaojidai uungu. Siku kwa siku chumba chake kinajaa mitambo na nyaya na mabomba ya kupozea, hata kitanda kinakuwa kitu kilichosahauliwa pembeni. Ndipo watu wanapoanza kumwambia kwamba walimwona katika kilabu cha Cyberia, amechangamka, ana ulimi mkali, naye hana habari ya kufika huko.

Kwa hiyo mtazamaji huonyeshwa Lain zaidi ya mmoja: yule wa nyumbani mwenye haya; yule wa Wired asiyemhofu mtu; na wa tatu, mwenye kicheko cha inda, ambaye furaha yake ni kuwavua wenziwe sitara. Sehemu ya nane, ambayo kwa maoni yangu ndiyo roho ya kazi nzima, inahusu uvumi. Alice Mizuki, mwanafunzi pekee aliyemtendea Lain kwa huruma ya kweli, ana siri moyoni, kwamba anampenda mwalimu wake, na siri hiyo, pamoja na mawazo ya faragha ambayo msichana hamwambii hata mama yake, inaenezwa katika Wired mpaka shule nzima inanong'ona. Lain hakutenda; lakini aliyetenda ana uso wake, jina lake na sauti yake, na kwa wale wanaosikiliza hakuna ushahidi mwingine.

Yafaa tusimame hapa, kwa kuwa hapa zimo dhuluma mbili ambazo wasemaji wengi huzichanganya. Lain amedhulumiwa kwa uongo. Alice amedhulumiwa kwa kweli. Mwenye kuzuliwa anaweza kuuita ushahidi, akasema sikuwapo, akamtaja aliyekuwa naye, na siku moja labda ataaminiwa. Lakini mwenye kufichuliwa hana la kukana, na kila neno atakalolisema kujitetea linazidi kuithibitisha aibu yake. Baadhi ya sheria za zamani za kashfa zilimwangalia Lain, na kwa Alice hazikuwa na jibu, kwa sababu zilidhani kwamba heshima ya mtu huvunjwa na uzushi tu, kana kwamba kweli yote ya nafsi ni mali ya sokoni.

Lain anatafuta dawa. Maadamu amekwisha kugundua kwamba uwezo wake juu ya kumbukumbu za watu ni sawa na ule wa mwenye programu juu ya data zake, anaufuta uvumi. Shule inarudi kuwa tulivu. Waliocheka jana hawajui walichokicheka, na rafiki za Alice wanamsalimu kama desturi. Ni Alice peke yake ambaye kumbukumbu yake imeachwa, naye badala ya kushukuru anaingiwa na hofu, hofu ambayo mtazamaji huihisi kabla ya kuweza kuieleza: aibu imeondoka, lakini imeondolewa na mkono ambao hakuna aliyeuruhusu, katika vichwa vya watu ambao hawakuulizwa, na mkono uo huo kesho waweza kuondoa jingine. Dawa ilitolewa kwa hisani, na aliyepewa hakuweza kuitofautisha na dhuluma.

Imetukia kwamba mwaka huo huo wa 1998 gazeti La Vanguardia la Hispania lilichapa matangazo ya mnada wa mali ya raia mmoja aliyedaiwa michango ya hifadhi ya jamii. Deni lilikwisha, miaka ikapita, lakini kila aliyelitafuta jina lake katika Google alikutana na mnada ule kana kwamba ulikuwa wa jana. Shauri lilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliyoko Luxembourg, na tarehe 13 Mei 2014 mahakama iliamua kwamba mtu anaweza kutaka viungo vya namna hiyo visitokee jina lake linapotafutwa, ikiwa habari hazina tena maana kwa wakati uliopo au zimepita kiasi. Gazeti halikuguswa. Karatasi ilibaki katika nyaraka zake, na mwanahistoria wa Barcelona anaweza kuifungua leo. Kilichozibwa ni njia ya mkato inayotoka katika jina la mtu mpaka katika siku yake mbaya. Huo naona ni uamuzi wa busara. Lakini papo hapo ombi la mdhulumiwa lilipelekwa kwanza kwa kampuni yenye mtambo wa kutafutia, ili kampuni hiyo ipime faragha ya mmoja na manufaa ya umma, yaani ikae katika kiti cha kadhi bila ya kuapishwa.

Kadhi wa aina hii Konaka alikwisha kumchora. Masami Eiri ni mtaalamu wa maabara za Tachibana aliyeshiriki kuandika kanuni ya saba ya mtandao, akapenyeza ndani yake mambo ya siri, pamoja na nafsi yake mwenyewe. Alipogunduliwa alifukuzwa, na maiti yake ikaonekana kwenye reli ya Yamanote. Kisha anajitokeza katika Wired akidai kuwa mungu wake. Sidai kwamba wenye kampuni za leo ni akina Eiri. Nasema kwamba hadithi imeona kwa usahihi pale ambapo enzi hukaa: haikai kwa msemaji mwenye kelele, hukaa kwa yule aandikaye kanuni ambazo msemaji na msemwa wote wawili hupita chini yake pasipo kuzisoma, na mwenye kumiliki njia si mtu wa kuachiwa peke yake hukumu ya nani aonekane juu yake.

Mahakama za Japani zenyewe zimekwenda kwa hadhari. Tarehe 31 Januari 2017 Mahakama Kuu ya Juu ilikataa kuiamuru Google iondoe habari za mtu aliyekuwa amekamatwa kwa kosa la ukahaba wa mtoto, ikaweka kipimo kwamba maslahi ya faragha sharti yawe bayana kuwa ni mazito kuliko maslahi ya umma. Tarehe 24 Juni 2022 mahakama hiyo iliamuru Twitter ifute maandishi juu ya mtu aliyekamatwa miaka mingi nyuma kwa kosa dogo zaidi, na safari hii haikutaka uzito huo uwe bayana; ilitosha kwamba upo. Kutoka hukumu ya kwanza mpaka ya pili naona mwendo wa haki, tena naona kwamba mwendo huo ulifanywa pale panapostahili, mbele ya majaji, kwa sababu zilizoandikwa ambazo kila mtu anaweza kuzisoma na kuzipinga.

Wako wanaosema kwamba haki hii ya kusahauliwa ni hatari tupu, kwamba waziri mla rushwa na tajiri mwenye mawakili watakuwa wa kwanza kuitumia, na kwamba kumbukumbu ikifutwa uvumi ndio utakaobaki. Hoja yao si nyepesi. Sehemu ya tisa ya hadithi yenyewe inawapa nguvu: inamsimulia Vannevar Bush, aliyeandika mwaka 1945 juu ya mashine ya kuhifadhi maarifa, na Ted Nelson na ndoto yake ya maktaba ya kompyuta iitwayo Xanadu, na kando yao, kwa sauti ile ile isiyobadilika, inasimulia visa vya Roswell na vyombo vya angani. Mtazamaji asiye na maktaba ya kumsaidia hajui lipi alishike. Mahali penye upungufu wa nyaraka uzushi hunawiri, na mtu aliyefuta habari zake huenda akajikuta anasemwa zaidi. Kwa hiyo sikubali kufutwa kwa matendo ya mwenye cheo katika cheo chake, hata yawe ya zamani kiasi gani. Lakini siri ya Alice si tendo la cheo. Ni moyo wa mtoto wa shule, na umma haukuwa na haki ya kuujua hata kwa dakika moja, basi wapinzani wanilinganishie faida gani ya historia na machozi yake?

Ipo pia njia ya adhabu. Mwezi wa Mei mwaka 2020 mwanamieleka Hana Kimura alifariki akiwa na miaka 22, baada ya matusi mengi mtandaoni yaliyotokana na namna alivyoonekana katika kipindi cha televisheni, yaani watu walimchukia Lain wa tatu, na aliyeumia akawa ndiye mwenye mwili. Wawili waliotiwa hatiani walitozwa faini ya yen 9,000 kila mmoja. Kwa uchungu wa tukio hilo bunge la Japani liliibadili sheria mwaka 2022, na kosa la kutusi likawa na kifungo kisichozidi mwaka mmoja au faini isiyozidi yen 300,000. Naiunga mkono sheria hiyo, lakini inafika baada ya madhara, nayo humshika mmoja mmoja ilhali wadhulumu ni maelfu, na kila mmoja wao anaweza kusema kwa unyofu kwamba yeye aliandika mstari mmoja tu.

Katika sehemu ya mwisho Lain anajifuta mwenyewe. Hafuti tena uvumi. Anajiondoa katika kumbukumbu za wote, Alice akiwamo, na dunia inaendelea kana kwamba hakuzaliwa. Wengi wa wapenzi wa hadithi huliita tendo hili kafara njema, na uzuri wake siukani. Lakini siwezi kulikubali kuwa suluhisho, na sidhani kwamba watunzi walilikusudia hivyo, kwa maana tazama gharama imeangukia wapi: waliocheka wamebaki na madawati yao na rafiki zao, wamesamehewa pasipo kujua kwamba walikosa, na aliyeondoka ni msichana asiye na hatia. Wasichana wa umri wake leo hufunga akaunti, hubadili jina, huhamishwa shule, nasi huita jambo hilo usalama. Haki ya kusahauliwa, kama itakuwa haki, yapasa idaiwe kwa yule aliyeeneza na kwa yule aliyeuza njia ya kueneza: majaji wapewe uwezo wa kuamuru siri ya mtoto iondolewe katika muda wa siku, si wa miaka, kampuni ibebe gharama za shauri, nakala ihifadhiwe kwa amri ya mahakama ili mkosaji asifaidike na kufutwa kwa kosa lake, na mdhulumiwa abaki shuleni kwake, kwa jina lake, na ukurasa wake ukiwa wazi.