Utumbo Nao Huuamrisha Moyo

Vitabu vyetu vya Biolojia huugawa mwili wa mnyama katika sura: umeng'enyaji wa chakula una sura yake, na mzunguko wa damu una yake. Mwanafunzi huzikariri zote mbili, akafaulu mtihani, asijue kwamba utumbo na moyo husemezana. Desturi hii naiona kuwa kosa.

Mwaka 1902, mjini London, William Bayliss na Ernest Starling walikata neva za kipande cha utumbo mwembamba wa mbwa, wakatia asidi ndani yake. Kongosho likatoa majimaji. Kwa kuwa neva hazikuwapo, habari ilipelekwa na damu. Kemikali iliyoipeleka wakaiita sekretini, na mwaka 1905 Starling akaanzisha neno "homoni". Hayo vitabu huyataja. Kisichotajwa ni kwamba dawa yao, iliyotokana na utando wa utumbo uliosagwa na asidi, ilishusha pia shinikizo la damu la mbwa. Wenyewe walitambua kwamba jambo hilo lilisababishwa na kitu kingine, si sekretini, nao wakaendelea na kongosho lao.

Kitu cha namna hiyo kilijitokeza tena. Mwaka 1970 Sami Said na Viktor Mutt walitenga katika utumbo wa nguruwe kemikali iitwayo VIP, ambayo hulegeza kuta za mishipa ya damu. Mishipa hupanuka, upinzani hupungua, na shinikizo hushuka. (Baadaye ilidhihirika kwamba VIP hutolewa hasa na ncha za neva, mpaka kati ya neva na homoni si mnyofu kama tuuchoravyo ubaoni.)

Mfano niupendao zaidi ni chatu. Akishameza windo lake, moyo wake hupiga haraka kwa siku kadhaa, ingawa amelala tu. Watafiti walipozizuia neva za moyo kwa dawa, bado moyo wa chatu aliyeshiba ulipiga haraka kuliko ule wa mwenye njaa. Sehemu ya amri, basi, haipiti katika neva.

Hata hivyo mwalimu asiseme "wanyama" kana kwamba wote ni mmoja. Homoni ya utumbo iitwayo GLP-1 ikitiwa katika damu ya panya huongeza mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo. Kwa binadamu, dawa za kisukari zinazoiiga huongeza mapigo kidogo, lakini shinikizo hushuka kidogo. Laiti tabibu angeamini panya peke yake, angewanyima dawa hizo wagonjwa wengi wenye kisukari na shinikizo kubwa la damu kwa pamoja.

Hakuna maabara inayohitajika kwa kuanzia. Wanafunzi wahesabu mapigo yao wakiwa wameketi kimya kabla ya chakula cha mchana, wahesabu tena nusu saa baada ya kula, wakiwa wameketi vilevile. Kisha mwalimu awaulize tofauti waliyoiona imo katika sura ipi ya kitabu.