Tamko Kuhusu Hofu Maofisini na Habari Zisizowafikia Wakuu

Sisi wastaafu wa utumishi wa umma tunaoishi Dodoma na wilaya zake, kupitia chama chetu, tunatoa tamko hili katika Wiki ya Utumishi wa Umma, ambayo kila mwaka huhitimishwa tarehe 23 Juni. Tunalielekeza kwa makatibu wakuu, wakuu wa taasisi, wakurugenzi wa halmashauri na wakuu wa idara. Vyama vya wafanyakazi tunavipa nakala.

Katika wiki hii watumishi hukumbushwa kuwahi kazini, kutumia lugha nzuri na kuacha rushwa. Hatuna ugomvi na hayo, tuliyasikia tangu tukiwa vijana wa masijala. Tunachokataa ni lawama kuelekezwa chini peke yake. Kwa uzoefu wetu, tabia ya mtumishi hutegemea sana namna mkuu wake anavyopokea habari mbaya. Mkuu anayefoka akiambiwa kazi imekwama hataambiwa tena, na kazi itaendelea kukwama.

Ushahidi tunao mkoani kwetu, Kongwa. Mwaka 1946 Serikali ya Uingereza, ikihangaikia mafuta ya kula baada ya vita, ilimtuma John Wakefield, aliyewahi kuwa Mkurugenzi wa Kilimo wa Tanganyika, aje atazame ardhi ya karanga. Ujumbe wake ulimaliza kazi kwa wiki 9, sehemu kubwa ya nchi ukiitazama kutoka kwenye ndege. Ukarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni 3, nyingi zikiwa Tanganyika. Lengo la mwaka 1947 lilikuwa ekari 150,000. Mwaka ulipokwisha, zilizosafishwa hazikufika 10,000.

Udongo wa Kongwa ukikauka hushikana kiasi cha kulemaza majembe ya trekta, na karanga zilizomo ndani hazing'oki. Mvua huanza Desemba ikitaka, hukatika ikitaka. Wagogo hawakushikilia mtama na uwele kwa ujinga. Kuna aliyewauliza? Matrekta yaliyoletwa mengi yalikuwa mabaki ya vita, na hata vifaru aina ya Sherman viligeuzwa kuwa matrekta. Mwaka 1948 uongozi wa pale ukawa mikononi mwa Meja Jenerali Desmond Harrison, na mradi ukaendeshwa kijeshi. Novemba 1949 wajumbe wawili wa bodi ya shirika lililoendesha mradi waliondolewa, mmoja wao Wakefield, huku waziri wa Uingereza aliyehusika, John Strachey, na mwenyekiti wa shirika hilo, Leslie Plummer, wakibaki kwenye viti vyao. Januari 1951 mradi ulitupwa, na pauni zipatazo milioni 36 zikawa zimepotea.

Wengi husema ukame ndio ulioua karanga za Kongwa. Ukame ulikuwapo kabla ya karanga. Kwa maoni yetu, kilichoua ni kwamba lengo lilikwisha kutangazwa London kabla mti wa kwanza haujang'olewa, na tangu hapo afisa wa shambani aliyesema ukweli wa ekari zake alionekana anahujumu. Maafisa hao hawakuwa watu wavivu wala wajinga. Walikuwa ndani ya shirika ambalo ukweli ulimgharimu msemaji, na kukaa kimya hakukumgharimu mtu, mpaka siku ya hesabu.

Nchi yetu ilipojitawala ililiona tatizo hili mapema. Waraka wa Rais Na. 1 wa 1970 uliagiza mabaraza ya wafanyakazi katika mashirika ya umma, na Mwongozo wa TANU wa 1971 ukawakataza viongozi majivuno, dharau na uonevu. Kilichofuata ni funzo kwa kila afisa utumishi. Wafanyakazi waliweka chini zana viwandani, na Issa Shivji, katika kitabu chake cha 1976 kuhusu mapambano ya kitabaka nchini, ameonyesha kuwa migogoro mingi ya wakati ule haikuhusu mshahara. Ilihusu matusi, kudharauliwa na amri za mameneja. Mwaka 1973 wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, walikwenda mbali zaidi, wakamweka kando mwenye kiwanda wakakiendesha wenyewe. Mtu huvumilia mshahara mdogo muda mrefu kuliko anavyovumilia kutukanwa mbele ya wenzake.

Tunakuja kwenye miaka ya karibuni. Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, wengine wetu tulikuwa bado kazini, na ulikuwa wakati wa kutumbua majipu, yaani kuwaondoa kazini hadharani waliotuhumiwa. Tuseme haki: watu waliwahi kazini, na waliozoea kutundika koti kwenye kiti na kuondoka waliacha. Lakini tuliona jambo la pili lisilosemwa majukwaani. Maamuzi yalipanda ngazi. Jambo ambalo afisa mwandamizi angelimaliza kwa dokezo la mistari mitatu lilipandishwa kwa mkuu wa idara, naye akaandika “naomba maelekezo”, na jalada likaenda kulala juu. Kila mtu alijilinda kwa saini ya mwenzake. Mwananchi aliyetoka Mpwapwa au Chamwino kufuatilia kiwanja chake aliambiwa aje kesho na kijana ambaye, nusu saa kabla, alikuwa amefokewa ghorofani. Kijana yule tunamwandikia barua ya kujieleza kwa lugha mbaya. Aliyemfokea hatumwandikii.

Liko pia suala la kuweka watumishi ndani. Sheria ya Tawala za Mikoa ya 1997 inampa mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu ashikiliwe hadi saa 48, kwa ajili ya kulinda amani. Uwezo huo umewahi kutumiwa kwa walimu, waganga na maafisa wa halmashauri kwa makosa ya kazi, na viongozi wa kitaifa wenyewe wameukemea. Tunaukataa bila kigugumizi. Mganga akifanya kosa la kazi, Sheria ya Utumishi wa Umma ya 2002 ina njia zake za nidhamu. Wenzake wakiona amelazwa rumande, dawa zitakapokwisha safari ijayo hawataandika kwamba zimekwisha.

Mtafiti wa Marekani, Amy Edmondson, katika utafiti wa hospitali uliochapishwa 1996, alikuta kwamba wodi zenye uongozi mzuri ndizo zilizoripoti makosa mengi zaidi ya dawa. Kwingine watu waliogopa kuyataja. Wakuu wanaojivunia taarifa zisizo na dosari tunawaomba walifikirie hilo.

Kwa hiyo tunataka Baraza la Wafanyakazi likutane kwa ratiba yake katika kila taasisi, na ajenda ya kwanza iwe majibu ya hoja za kikao kilichopita, kabla ya hotuba ya mgeni rasmi. Tunataka karipio litolewe faraghani na kwa maandishi, lisitolewe kwenye mkutano wa hadhara mbele ya kamera. Wakuu wa mikoa na wilaya waache kabisa kutumia saa 48 kwa mambo ya kazi.

Kuhusu PEPMIS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya OPRAS, hatuupingi. OPRAS ilianza mwaka 2004 kwa nia njema, lakini tunakumbuka fomu za mwaka mzima zikijazwa kwa mchana mmoja wa Juni ili kila mtu aonekane amefikia lengo. Kompyuta haitaponya hilo. Tunapendekeza mtumishi anayeripoti mapema kwamba lengo halitafikiwa, na akaeleza sababu, asikatwe alama kwa kusema. Na mkuu wa idara apimwe pia kwa hoja ngapi za walio chini yake zilijibiwa, na kwa muda gani.

Wanachama wetu, miongoni mwao waliokuwa makarani wa masijala, maafisa utumishi na wakuu wa idara, wako tayari kuketi na menejimenti yoyote ya Dodoma itakayotuita, bila kudai posho. Tunaomba barua ya mwaliko itaje kwamba watumishi wa ngazi ya chini nao watakuwamo chumbani.

Limetolewa Dodoma na Kamati ya Utendaji, kwa niaba ya wanachama wote.