Wanyika waligawana jina, sisi tunagombania kinanda

Wadau, leo nakorofisha watu. Najua meseji zitaingia, lakini acha niseme tu.

Juzi nilikuwa stendi ya Garsen, saa saba mchana, lile joto letu la kuyeyusha ndala. Basi la Lamu limesimama watu wanunue maji na maembe, na dere kaweka Sina Makosa. Manze basi zima linaimba! Kuanzia mama mwenye kuku hadi wasee wa rika langu. Huo wimbo ni wa 1979, mamangu alikuwa hajazaliwa. Na wengi tunaoujua kwa moyo hatujui kwamba bila bendi moja kuvunjika, usingekuwepo.

Iko hivi. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili waliotokea Tanga, walivuka mpaka wakaanzisha Simba Wanyika 1971. Ikashika kweli. Kufika 1978, Omari Shabani wa gitaa la ridhim, yule wanamwita Profesa, Tom Malanga wa besi na Rashid Juma wa drum wakafungasha. Hebu fikiria: ridhim, besi na drum, wote kwa mpigo mmoja! Hapo umeachiwa mlango, nyumba imebebwa. Halafu ati wakajiita Les Wanyika. Wakampata John Ngereza, gitaa na sauti, na mwaka uliofuata Sina Makosa ikatoka. Issa Juma naye akaimba nao, kisha akaenda kuanzisha Super Wanyika yake. Ikawa Wanyika kila kona, hadi wale wa kwanza wakaanza kujiita Simba Wanyika Original. Hiyo “Original” hunichekesha kila nikiiona, kama duka la viatu.

Na si sisi peke yetu. Uingereza kulikuwa na bendi inaitwa Soft Machine, walianza 1966 huko Canterbury, wakichanganya jazi na roki. Robert Wyatt, mpiga drum na mwimbaji wao, alitoka 1971 akaanzisha Matching Mole. Soma hilo jina haraka haraka: ni “machine molle”, yaani Soft Machine kwa Kifaransa. Kama vile hawa wetu walivyochukua Wanyika wakaweka “Les” mbele! Kufika 1976 hakuna hata mwanzilishi mmoja aliyebaki ndani ya Soft Machine, na bado bendi ikaendelea kupiga kwa jina lilelile.

Sasa kwa nini nawaambia haya yote?

Wanaonifuata tangu zamani wanajua kikundi chetu. Tulianza sita tukiwa shule, ngoma mbili, kinanda kimoja, tukipiga harusi za hapa Garsen mpaka kule Hola. Mwezi wa kwanza watatu wakahamia Mombasa. Sawa, maisha. Lakini juzi tumeona wanapiga huko kwa jina letu, wameongeza neno moja tu mwisho. Waliobaki hapa wamewaka. Wanataka niwaanike kwenye akaunti ya kikundi, kisha niwafungie nje kabisa, sababu pasiwadi ninayo mimi.

Mimi nimekataa. Hilo jina halikujengwa na sisi tuliobaki peke yetu. Yule wa kinanda ndiye aliyelitoa, tukiwa tumekaa chini ya mwembe tunasubiri mvua iishe. Kwani akipanda basi jina linabaki stendi? Simba Wanyika waliachwa bila besi na bila drum, wakatafuta watu, wakaendelea kupiga miaka na miaka. Redio za Pwani mpaka leo zinapiga zote mbili, na msikilizaji haulizi nani alimwacha nani. Na sisi kweli, tangu mwezi wa kwanza tumefanya mazoezi mara ngapi? Mara mbili, bana. Hasira tunazo, nyimbo mpya hatuna.

Lakini msinipongeze bado, nyinyi wa Mombasa. Kinanda tulinunua sote sita, kwa pesa za harusi, miezi minane ya kubana. Mlikibeba usiku na simu hazishikwi. Jina watu wanaweza kugawana, kila mmoja akaweka neno lake mbele ama nyuma. Kinanda hakigawanyiki. Ama kirudi, ama mtutumie nusu ya pesa tununue kingine hata cha mtumba, maana Agosti tuna harusi mbili na hatuwezi kupiga makofi tu.

Nani wa lawama zaidi? Kwa jina, sisi tunaolia. Kwa kinanda, nyinyi. Wa huku watanikasirikia, na hao wa huko pia, na nitakutana na wote Idi.

Pasiwadi nimemtumia yule wa kinanda jana usiku. Ameona, tiki mbili za bluu. Hajajibu, lakini pia hajaibadilisha.