Whisky ni raha, hapana mshahara

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama na watoto mnaotungojea nyumbani, leo hatutasema juu ya bei ya koltani. Tutasema juu ya whisky. Wengine watacheka: sendika inaingia namna gani ndani ya chupa ya mtu? Mtuvumilie kidogo.

Jumamosi moja tulikuwa Kituku, pale boti za Minova zinapofikia. Mnajua vile soko iko saa ile: sambaza kwenye mabeseni, makala, mikungu ya ndizi, vijana wanaopandisha mabidoni ya maji ya ziwa kwenye vichukudu. Wenzetu watano walikuwa wameshuka kutoka milima ya Kalehe. Tukawauliza habari za shimo. Mmoja akafungua mfuko wake, akatoa chupa mbili za whisky.

“Hii njo mshahara yangu,” akasema. “PDG alisema makuta imeisha, kila mtu apate chupa mbili, na zile zingine atatulipa nyuma.”

Katika kaye ya yule PDG kila chupa iliandikwa dola 15. Na huyu mwenzetu hata hanywi, anasali kwa Waadventisti. Alikuja kuziuza Kituku ili anunue unga na alipe deni la shule ya mtoto. Mama mmoja mwenye biashara ya vinywaji akachukua chupa moja, akaigeuza mbele ya jua, akafungua, akanusa.

“Baba yangu, hii hapana whisky. Hii ni alkoli na rangi. Nitakupa dola 5, na ni huruma.”

Dola 15 kule juu, dola 5 kwenye ufuko wa ziwa. Katika kila chupa, dola 10 za jasho zilikuwa zimepotea njiani. Tulirudi nyumbani tukiwa na hasira, na hasira ile njo imetufanya tuandike.

Tuseme wazi: sisi si adui wa whisky. Ndani ya komite yetu tuko na watu wa kila namna. Kuna anayeitaka kavu, bila kitu, anasema maji ni ya kuoga. Kuna anayetia matone machache ya maji. Kuna anayeichanganya na Coca, tunamcheka lakini ni kinywa chake. Kuna mzee wetu anayependa ile yenye harufu ya moshi, anasema inamkumbusha samaki waliokaushwa juu ya moto. Na kuna wawili ambao hawaonji hata kidogo, nao tunakaa nao meza moja na Fanta yao. Hayo yote ni sawa. Mtu aliyetoka ndani ya ardhi ana haki ya kuchagua kitu kinachompendeza. Ubaya uko pale mwingine anapochagua kwa ajili yako na kukuandikia deni.

Basi kwanza tujue kitu chenyewe. Neno whisky limetoka katika lugha ya zamani ya Uskoti na Ireland, na maana yake ni “maji ya uzima”. Inatoka kwenye nafaka: shayiri, ngano, mahindi. Nafaka inachachushwa, kisha inachemshwa na mvuke wake unakusanywa, sawa vile mama zetu wanavyofanya na lutuku ya mahindi na mihogo. Basi tusidharau za kwetu, ufundi ni ndugu. Tofauti kubwa ni pipa. Sheria ya Uskoti inasema whisky yao lazima ilale katika pipa la mti wa mwaloni miaka 3 au zaidi, na iwe na alkoli isiyopungua 40 kwa mia. Rangi na utamu mwingi vinatoka kwenye ule mti. Bourbon ya Marekani inatengenezwa na nafaka ambayo mahindi ni 51 kwa mia au zaidi, katika pipa jipya lililochomwa ndani. Chupa ikiandikwa miaka 12, maana yake whisky iliyo kijana kuliko zote ndani yake ilikaa pipani miaka 12. Na ikishaingia kwenye chupa, haizeeki tena. Anayekuambia “hii nimeiweka miaka kumi chini ya kitanda, imekuwa nzuri zaidi,” anakuuzia kitanda.

Vile vichupa vya plastiki vinavyopanda mpaka kwenye mashimo yetu, vingi vinaandikwa whisky lakini havijawahi kuona pipa. Ni alkoli, maji, rangi na harufu ya kutia. Hiyo bado ni afadhali. Mbaya zaidi ni ile inayochanganywa na metanoli, alkoli ya viwandani, ambayo huwezi kuitambua kwa ulimi. Inaua macho, kisha inaua mtu. Mwaka 2010 huko Kabale, Uganda, si mbali na mpaka wetu, makumi ya watu walikufa kwa pombe ya namna hiyo. Nairobi ililia hivyo hivyo mwaka 2000. Ukikunywa kitu, kesho yake ukaona ukungu machoni, tumbo linauma na kichwa kinapasuka, usiseme ni uchovu tu. Kimbia hospitali.

Sasa, namna ya kuifurahia. Sisi tunafanya hivi. Kwanza tunakula. Sambaza za kukaanga ni nzuri, na formaji ya Masisi na whisky, mtu asikudanganye, vinapatana kabisa. Tunamimina kidogo, vidole viwili vya upana hata visifike. Tunanusa mdomo ukiwa wazi kidogo, ili alkoli isichome pua. Tunachukua tone la kulowesha ulimi, tunangoja, kisha tunameza. Ukitia maji kidogo, harufu inafunguka. Ukitia barafu nyingi, harufu inalala. Lakini maji yawe safi, yaliyochemshwa. Msichukue maji ya bidoni ya ziwa moja kwa moja mkisema whisky itaua mikrobu. Ndani ya glasi iliyochanganywa, haiui vya kutosha, na kipindupindu sisi watu wa Goma hatuhitaji kufundishwa.

Chupa moja ya watu sita, jioni, wanaongea na kucheka, hiyo ni raha. Kichupa kimoja cha mtu mmoja saa 11 asubuhi kwenye mdomo wa shimo, hiyo si raha. Hiyo ni kazi nyingine juu ya kazi.

Wenzetu wengi wanatuambia: “Lakini kule juu kuna baridi, whisky inapasha mwili moto.” Hapana. Alkoli inafungua mishipa ya ngozi, damu inakuja juu, unasikia moto, lakini ule moto ndio unaotoka mwilini. Nyuma ya saa moja uko na baridi kuliko mbele. Chai ya moto na koti vinafanya kazi bora, na haviandikwi katika kaye.

Tufanye hesabu, juu hesabu haina chama. Chupa kubwa ya bia ya 72 cl yenye 5 kwa mia iko na mililita 36 za alkoli tupu. Glasi ndogo ya whisky, mililita 30 kwa 40 kwa mia, iko na 12. Kwa hiyo glasi tatu ndogo ni sawa na bia moja kubwa. Kichupa cha 20 cl kiko na 80, yaani zaidi ya bia kubwa mbili. Mwili unaondoa karibu mililita 10 kwa saa, na kahawa au maji ya baridi kichwani havitauharakisha. Aliyemaliza kichupa chake saa 6 usiku, mpaka saa 2 asubuhi bado yuko nacho. Kama alishuka shimoni saa 12, alishuka na mlevi: yeye mwenyewe. Huyo njo anakagua miti inayozuia udongo. Huyo njo anapaswa kusikia kama hewa imepungua. Huyo njo anashika kamba ya mwenzake. Tumezika watu kwa sababu nyingi, mvua, udongo, haraka ya wenye mashimo. Tusiongeze sababu inayotoka mfukoni mwetu.

Turudi kwa yule PDG. Wakubwa kama yeye wanasema: “Ni desturi, vijana wanapenda, tunawasaidia.” Tunajibu kwa sheria. Mwaka 1949 OIT, shirika la kazi la dunia, ilitoa mkataba namba 95 juu ya kulinda mshahara. Kifungu cha 4 kinasema kulipa mshahara kwa pombe kali hakuruhusiwi hata mara moja. Kifungu cha 13 kinakataza kulipia watu kwenye kilabu cha pombe, isipokuwa wale wanaofanya kazi mle. Na jambo hilo si geni. Uingereza, inchi ya Uskoti iko ndani yake, ilikataza kulipa wachimbaji wa makaa ya mawe ndani ya vilabu tangu 1842, katika sheria ile ile iliyowatoa wanawake na watoto wadogo chini ya ardhi. Wenye whisky wenyewe waliona miaka zaidi ya 180 iliyopita kwamba mchimbaji anayelipiwa penye chupa anarudi nyumbani mikono mitupu. Afrika Kusini, kwenye mashamba ya mizabibu ya Cape, wafanyakazi walipewa mvinyo kama sehemu ya malipo, wakaita “dop”. Mpaka leo watoto wanazaliwa kule na shida ambazo pombe iliwatia tumboni mwa mama zao.

Kuna jambo lingine linalotuuma. Wakati wa Wabeleji, mtu mweusi alikatazwa pombe kali. Whisky ilikuwa ya mzungu. Babu zetu walinyimwa kuchagua kwa kukatazwa. Leo wajukuu wananyimwa kuchagua kwa kulazimishwa. Mlango ni mwingine, nyumba ni ile ile.

Kwa hiyo tunaomba mambo machache. Kwa PDG na wanunuzi: lipeni makuta, mkononi, mchana, mbali na nganda. Kama makuta haijafika, andikeni deni lenu, hapana letu. Kwa wachimbaji: yule anayepewa chupa mahali pa mshahara aikatae mbele ya ekipe nzima, na ekipe nzima imuunge mkono, juu mtu mmoja akikataa peke yake atafukuzwa, watu ishirini wakikataa watasikilizwa. Kila ekipe iwe na kaye yake, isitegemee kaye ya mkubwa. Na mtu asishuke shimoni mbele ya saa zake kuisha; mwenzake akimzuia, asione ni matusi, aone ni udugu. Kwa mama zetu: muulize mshahara umelipwa kwa nini, siyo tu ni ngapi.

Yule mwenzetu aliuza chupa zake mbili dola 10, akanunua unga, deni la shule likabaki. Tulichanga kidogo tulichokuwa nacho, akapanda njia kwenda nyumbani. Mwingine katika wale watano alikunywa zake zote ndani ya boti. Tulimuuliza zilikuwa tamu namna gani.

“Sijui,” akasema. “Sikuzisikia.”

Tunataka siku moja ashuke pale Kituku na makuta yake yote, apitie nyumbani kwanza, alipe shule, kisha akipenda aingie kwenye depo, asome karatasi ya chupa bila haraka, aseme: “Mama, nipe ile.” Akiisha kuonja, aseme nzuri au mbaya. Au anunue Fanta. Hiyo njo whisky tunayopigania.