Tovuti Imependeza, Mnada Umekufa: Wakusanya Sarafu Wana Haki ya Kununa

Mjini watu wanagombania mpira, wasanii na mapenzi. Kuna kikundi kidogo hakina kelele kabisa, lakini huko ndani moto unawaka: wakusanya sarafu za kale. Tovuti moja ya mnada huko Ulaya, waliyoizoea miaka nenda rudi, imebadilishwa sura. Imekuja na rangi laini, herufi nene, picha zinazoelea kama tangazo la manukato. Kupendeza imependeza, hakuna ubishi. Ila kazi iliyowapeleka watu pale haifanyiki tena.

Mcheki jamaa mmoja wa Dar, mchana fundi simu Kariakoo, usiku mtu wa sarafu. Anachowinda ni heller 20 za Tabora. Kwa asiyejua: Vita Kuu ya Kwanza, meli za Waingereza zimeziba bahari, Wajerumani wa Afrika Mashariki wameishiwa chenji. Mwaka 1916 wakaanza kugonga sarafu wenyewe hapo Tabora, kwenye karakana ya reli, kwa shaba iliyopatikana. Ikatoka na ile ya dhahabu ya rupie 15 yenye tembo na mlima nyuma yake, dhahabu ya Sekenke. Za tembo ziligongwa 16,000 na kidogo tu, kwa hiyo fundi simu anaziangalia kama watu wanavyoangalia magari ya kifahari. Heller 20 ndiyo saizi yake.

Sasa heller 20 ukiziangalia juu juu zote ni zile zile. Utamu uko kwenye vitu vidogo: taji kubwa au dogo, ncha za herufi L kwenye neno HELLER zimechongoka au zimejikunja, shaba nyekundu au ya njano. Mchanganyiko mmoja ni wa kawaida, mwingine adimu, na bei zake haziko mtaa mmoja. Zamani ulibofya picha, ikajaa kioo kizima, ukahesabu mpaka mikwaruzo. Siku hizi picha imekatwa duara na kung'arishwa, ukiivuta inageuka ukungu. Yaani anauziwa herufi L na haruhusiwi kuiona!

Ukitafuta "Tabora" unaletewa kapu zima la "Afrika", Krugerrand za Afrika Kusini zimechanganywa na senti za tundu za mkoloni. Unashuka, unashuka, ukurasa hauna mwisho. Ukifungua sarafu moja kisha ukarudi, unaanzia juu kabisa kama mtu aliyesahau ufunguo nyumbani. Na ada ya mnunuzi, ambayo kwenye minada mingi ya sarafu ni kama asilimia 20 juu ya dau, zamani iliandikwa pembeni mwa bei. Sasa inaibuka mwishoni, ukishajifunga.

Hayo yote watu wangemeza. Kilichowachoma ni kufutwa kwa kumbukumbu za minada iliyopita. Picha na bei za miaka mingi, hazipo. Mwenye dizaini yake bila shaka aliona ni takataka: sarafu imeshauzwa, ya nini tena?

Ya kumlinda mtu, ndiyo kazi yake. Mama fulani kaachiwa na marehemu mumewe kopo la maziwa limejaa sarafu. Ndani kuna moja ya tembo. Anakuja mjanja na laki tano mkononi, anasema "mama, hii ni bati tu lenye rangi". Zamani kijana wake angeingia mtandaoni dakika mbili, akaona zenzake zimeuzwa shilingi ngapi, mjanja akaondoka na aibu yake. Leo anayejua bei ni mjanja peke yake.

Na feki je? Rupie 15 za bandia zipo, tena nyingi. Wazoefu wanazikamata kwa kulinganisha: anayetengeneza kopi kwa kumimina huanza na sarafu moja halisi, hivyo kovu lile lile linajirudia kwenye kila kopi. Ukikuta sarafu mbili zina mkwaruzo mmoja pale pale, unakimbia. Lakini utalinganisha na nini kama picha za zamani zimetupwa?

Walipolalamika, wakajibiwa kwa upole wa kuudhi kwamba mabadiliko huwa magumu kwa watumiaji wa muda mrefu. Kwa Kiswahili cha mtaani: nyie wazee, mtazoea. Fundi wa Kariakoo ana miaka 29. Anafungua simu za watu na kuzirudisha zikiwa nzima, leo anaambiwa haelewi teknolojia! Na hao wazee wenyewe ndio waliohama kutoka dau la barua mpaka dau la intaneti bila kulia, kwa sababu lilikuwa bora.

Haki isemwe: tovuti ya zamani ilikuwa mbaya kwa macho, na kwenye simu ilikuwa mateso. Kurekebisha ilikuwa lazima. Ila mtu akikuomba umpakie rangi duka, huchomi daftari la mahesabu.

Kwa sasa biashara inahamia kwenye magrupu ya WhatsApp, ambako hakuna mdhamini wala risiti. Fundi naye ana folda kwenye laptopu yake, picha alizokuwa anajihifadhia za heller zilizouzwa. Watu wasiomjua, hadi wa Ujerumani, wanamtumia ujumbe kumuuliza bei.