Afunguaye na Ajue Kufunga

Kila askari aliyepita katika uwanja wa mafunzo anaikumbuka siku ya kwanza alipofundishwa kufungua bunduki na kuifunga. Mwalimu hakumsifu kwa kuifungua. Kufungua ni jambo ambalo hata mtoto angeliweza, akiachiwa muda na kupewa nyundo. Sifa ilitolewa pale kila kipande kiliporudi mahali pake, wala hakikubaki hata kimoja juu ya turubai. Nasi katika chuo cha kadeti tulifundishwa hivyo hivyo, na hatukudhani kwamba somo lile lingetujia tena mbele ya gari la zamani.

Leo twataka kusema juu ya jambo ambalo wengi watalihesabu kuwa dogo, nalo ni kubandua mapambo ya nje ya gari la zamani na kuyarudisha. Kwa mapambo twamaanisha zile kanda zinazong'aa ubavuni, nembo, majina ya gari yaliyoandikwa kwa herufi za chuma, fremu za taa na vioo, na vifuniko vya magurudumu. Vitu hivyo hapana budi kubanduliwa wakati gari linaponyooshwa bodi au kupakwa rangi upya. Maoni yetu ni haya: mtu asiye tayari kuyarudisha yote kama yalivyokuwa, asiguse hata moja. Na madhara ya uzembe katika kazi hii hayaishii kwenye gari la mtu mmoja, bali hufika mpaka katika daftari la kituo cha polisi.

Hivi karibuni tulisafiri kikazi kutoka Jinja kwenda Mbale kwa njia ya Tororo. Tulipofika Busiu, ule mji mdogo ulio kando ya barabara kuu kabla ya Mbale, tulisimama kumjulia hali mzee mmoja aliyestaafu jeshini, ambaye katika siku zake alikuwa fundi wa silaha. Tulimkuta chini ya mwembe pamoja na Volkswagen lake la zamani, lile lenye mgongo wa kobe na injini nyuma. Gari lilikuwa limepigwa msasa, tayari kwa rangi, wala halikuwa na pambo hata moja.

Tukamwuliza, "Mzee, mapambo yamekwenda wapi?"

Akacheka, akajibu, "Afande, hayajakwenda popote. Yako kizuizini, na kila mfungwa ana namba yake."

Akatuingiza nyumbani. Ukutani palikuwa na ubao mrefu, na juu yake zimefungwa kanda saba kwa uzi laini. Ndiyo hesabu ya kawaida ya gari la aina ile: mmoja juu ya kifuniko cha mbele, na tatu kila upande, ukiacha zile za vikanyagio. Kila ukanda ulikuwa na kipande cha utepe wa karatasi chenye maandishi: mlango kushoto, mlango kulia, nyuma kushoto, na kadhalika. Chini yake yalipangwa makopo ya majani ya chai, kila moja likiwa na vibanio vya ukanda mmoja tu. Pembeni palikuwa na daftari la shule, na ndani yake mzee alikuwa amechora gari lake kwa kalamu ya risasi, akaonyesha kila tundu na kitu kinachoingia humo.

Tulisimama kimya kwa muda. Mzee yule hakuwa na karakana wala vyombo vya fahari. Alikuwa na makopo, daftari na nidhamu.

Gari lenyewe si geni katika historia ya Afrika Mashariki. Yale mashindano ya magari yaliyoanza mwaka 1953 na kupita katika nchi za Kenya, Uganda na Tanganyika, ambayo yaliitwa Safari, Volkswagen la namna hiyo liliyashinda mwaka 1954, tena 1957, na tena 1962. Liliundwa kwa wingi wa ajabu, zaidi ya magari milioni 21, mpaka la mwisho lilipotoka kiwandani Puebla, nchini Meksiko, mwezi wa Julai mwaka 2003. Maana yake ni kwamba mwenye gari hilo leo hawezi kuingia duka lolote la spea na kununua ukanda wa mlango kama anunuavyo balbu. Ataagiza ng'ambo kwa bei isiyolingana na pensheni, au atatunza alichonacho. Kwa mzee wetu wa Busiu kibanio kimoja kikipotea ni hasara kubwa.

Wapo watakaosema kwamba gari ni la kwenda, na mapambo ni ya wenye majivuno. Twawaomba wafikiri tena. Ukanda umeshikwa kwa vibanio, na kila kibanio kimepita katika tundu la bodi. Tundu lisilozibwa ni mlango wa maji. Katika nchi hii ya mvua za Mlima Elgon na vumbi jekundu la barabara za udongo, vumbi hujikusanya nyuma ya ukanda, likanywa maji na kuyashika siku nyingi kama sifongo. Kibanio kilichokwaruza rangi huacha chuma uchi, na hapo kutu huanza. Kwa hiyo ukanda uliofungwa vizuri hulinda, na ukanda uliofungwa vibaya hula gari kimya kimya. Na hata tukiacha hayo, je, beji ya kofia yako yapiga risasi? Vifungo vinavyong'aa vyashinda vita? Hapana. Lakini kila kamanda ajua kwamba askari asiyejali beji yake, kesho hatajali bunduki yake.

Sasa tueleze kazi yenyewe, kwa faida ya wale wenye magari ya zamani, na hasa wale watakaoyapeleka kwa mafundi na kupaswa kuwasimamia.

Kabla ya kugusa kitu, piga picha kila upande wa gari. Siku hizi kila mtu ana simu yenye kamera. Kisha osha gari, maana mchanga ulio nyuma ya ukanda utakwaruza rangi mara utakapousogeza. Bandika utepe wa karatasi juu na chini ya ukanda ili chombo kikiteleza kisiumize bodi. Usitumie bisibisi. Chonga kabari ya mti laini au ya plastiki, uiingize karibu na kila kibanio, uinue kidogo, kisha uhamie cha pili. Mtu anayeshika ncha moja na kuvuta ukanda wote kama avutaye kamba ya ng'ombe ataupinda, na ukanda uliopindwa haurudi kuwa kama zamani. Tazama pia ndani ya mlango na ndani ya buti, kwa kuwa baadhi ya mapambo hushikwa na nati kutoka ndani, na mengi huvunjwa na watu wasiochungulia. Nembo iliyobandikwa kwa gundi ipashe moto kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto, kisha upitishe nyuma yake mshipi wa kuvulia samaki, ukisugua kama msumeno. Itatoka bila jeraha.

Kila kinachotoka kiandikwe hapo hapo, si jioni. Kumbukumbu ya kichwa hufanana na ahadi ya mlevi. Vibanio vya ukanda mmoja vikae pamoja, hata vile vilivyovunjika, kwa kuwa kilichovunjika ndicho utakachomwonyesha muuzaji ili akupe cha kufanana nacho.

Katika kusafisha, tumia maji na sabuni laini. Kanda nyingi za zamani ni za alumini, na magadi au sabuni kali huila alumini na kuiacha nyeupe kama jivu. Waya wa kusugulia sufuria usiukaribishe kabisa. Ukanda wenye kibonyeo ulazwe juu ya kipande cha mti na kugongwa polepole kwa nyundo ya mbao kutoka upande wa ndani.

Kurudisha ndiko kunakomjulisha fundi. Usikimbilie kufunga siku ile ile rangi ilipopakwa. Rangi huweza kukauka juu huku chini ingali laini, na kibanio kitaizamisha. Kila tundu lipakwe rangi ukingoni na tone la grisi au nta kabla ya kupokea kibanio. Mahali ambapo mpira wa zamani umekufa, kata wosha ndogo kutoka katika tyubu kuukuu ya gurudumu. Vibanio vilivyolegea visirudishwe. Anza na ukanda wa mlango, upange mstari wake, kisha ufuatishe wa mbele na wa nyuma ili vyote viende sawa kama gwaride. Nati zikazwe kwa vidole kwanza, halafu kwa spana kidogo tu. Ukimaliza, tazama makopo. Yakiwa matupu, kazi imekwisha. Likibaki na kitu hata moja, kazi haijaisha, hata kama gari linapendeza.

Sasa twaja kwenye sehemu inayotuuma zaidi. Mwenzetu mmoja, afisa kama sisi, alirithi Mercedes-Benz la miaka ya 1970 kutoka kwa marehemu baba yake. Alilipeleka katika gereji moja, ambayo hatutaitaja, ili lipakwe rangi. Mafundi walibandua mapambo kwa bisibisi, wakayatupa pembeni, na vibanio vikafagiliwa pamoja na takataka. Siku ya kufunga, ukanda wa mlango wa kushoto haukuonekana, wala ile nyota ya boneti. Mwenzetu alipouliza, aliambiwa asiwe na wasiwasi, vitapatikana vingine. Baada ya siku tatu vikapatikana kweli, kwa bei nafuu, bila risiti na bila jina la muuzaji. Mwenzetu aliugeuza ukanda ule, akaona kwamba nyuma yake umeng'ang'aniwa na vipande vya rangi ya buluu, vibichi, vilivyong'oka pamoja nao. Gari lake halijapata kuwa la buluu.

Hakuhitaji mpelelezi wa kumweleza. Mahali fulani palikuwa na gari la buluu ambalo mwenyewe aliamka asubuhi akakuta mlango wake una majeraha. Mwenzetu alikataa kuvipokea vitu vile na akapiga ripoti. Mpaka leo gari la baba yake lina upande mmoja mtupu, naye hulipita kila asubuhi na kuumia moyo. Twamheshimu kwa hilo kuliko tunavyoheshimu gari lolote linalong'aa.

Ndugu zetu wa polisi wanaujua vizuri mnyororo huu. Vioo vya pembeni, taa, nembo na vifuniko vya magurudumu hubanduliwa usiku katika maegesho, na asubuhi huuzwa kwa mtu anayejifanya hajui. Kwa kawaida twamlaumu mwizi peke yake. Lakini mwizi haibi kitu kisicho na mnunuzi. Fundi mzembe anapopoteza ukanda mmoja, amezaa mnunuzi mmoja. Mwenye gari anapofumba macho ili gari lake likamilike, amempa mwizi mshahara. Sheria ya Adhabu ya Uganda yamhesabu kuwa mkosaji mtu apokeaye mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi. Je, ni aibu gani askari aliyevaa sare, anayelipwa kulinda mali ya raia, akaonekana barabarani katika gari lililopambwa kwa mali ya raia huyo huyo?

Kwa hiyo twatoa rai. Kwanza, mwenye gari asikabidhi mapambo yake kwa gereji bila orodha iliyotiwa sahihi na pande zote mbili, kama vile ghala la silaha lisivyotoa kitu bila sahihi. Afadhali ayabandue mwenyewe nyumbani, alipeleke gari likiwa uchi, na ayarudishe mwenyewe. Pili, anayenunua kipande kilichotumika adai jina la muuzaji, namba ya simu, na maandishi ya mauziano mbele ya shahidi, ikiwezekana mwenyekiti wa kijiji. Muuzaji wa haki hatakataa. Tatu, ageuze kila kipande na kutazama nyuma yake, maana mbele hung'arishwa, lakini nyuma haidanganyi. Nne, vijana wetu wanaojifunza ufundi wafundishwe kwamba kipande kilichopotea mikononi mwao ni deni lao, si bahati mbaya ya mteja.

Tulipoagana na mzee wa Busiu, tulimwuliza kama hana haraka ya kuliona gari lake likiwa kamili. Alifuta mikono yake kwa kitambaa, akasema, "Afande, miaka yote ya kazi sikuwahi kumrudishia askari bunduki iliyopungukiwa kipande. Nitaanza uzeeni?"

Hatukuwa na la kuongeza. Tukampigia saluti, naye akairudisha barabara, nasi tukashika njia ya kwenda Mbale.