Tusibaki Watazamaji

Kijana akiigiza filamu ya Star Wars na kuchora vita vya nyotani kwenye kompyuta, wazee wenzetu humkemea: mchezo wa kitoto! Hatukubaliani nao. Mei 1977 filamu hiyo ilitoka Marekani. Mwezi uleule kampuni ya Kijerumani OTRAG ilirusha roketi yake ya kwanza kutoka Shaba, ardhi yetu. Kotekote sisi tulikuwa watazamaji tu. Kampala, Isaac Nabwana hakungoja: kwa kompyuta alizoziunga mwenyewe alirusha helikopta za vita juu ya mji katika filamu yake ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex? Tumwonye kijana asitukuze mauaji, tusimnyang'anye chombo. Kobalti yatoka kwetu. Kwa nini ndoto zitoke ugenini?